Kijana hamezi vizuri na sauti imebadilika: mwongozo kamili kwa mzazi, kuanzia mezani hadi kwa daktari

Mpwa wangu alikuwa na miaka 15 alipoanza kubaki mezani peke yake. Sisi tumeshanawa, vyombo vimeondolewa, yeye bado ana nusu sahani na glasi ya tatu ya maji. Alikuwa anakula huku ameegemeza kidevu kwenye kiganja, tukawa tunamkemea kwamba hana adabu ya mezani. Jioni sauti yake ilikuwa ikitokea puani. Tulisema ni mafua.

Alipelekwa hospitali mara tatu, zote asubuhi, na mara zote tatu daktari aliambiwa sentensi moja: "Koo linamsumbua." Koo likamulikwa, likaonekana safi, tukarudi na antibiotiki.

Tangu hapo nimeongea na wazazi wengi waliokwama palepale. Dalili zipo nyumbani, lakini hospitali hazifiki. Kijana akiulizwa anajibu "niko sawa", mzazi anasema "koo", na kumeza kunatenganishwa na sauti kana kwamba ni mambo mawili. Mwongozo huu si wa kukufanya utambue ugonjwa mwenyewe. Ni wa kukusanya, ndani ya siku 7, ushahidi ambao daktari hawezi kuupata kwa dakika kumi za chumba chake.

## Mahitaji

- Daftari na kalamu
- Simu inayorekodi sauti na video
- Mizani, ile ile kila mara
- Saa inayohesabu sekunde
- Tochi
- Dawa zote anazotumia, pamoja na boksi zake, hata vidonge vya chunusi
- Karatasi zote za hospitali za nyuma

## Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Anza hapa, kwa sababu hatua nyingine zote zinadhani una siku 7. Ukiona lolote kati ya haya, funga daftari na umpeleke hospitali sasa hivi:

- Hawezi kumeza hata mate yake, anayatema au yanamtiririka.
- Anapovuta pumzi inatoka sauti kama mluzi, au anapumua kwa shida.
- Chakula kimekwama kifuani na hakishuki wala hakirudi.
- Ana homa, kinywa hakifunguki vizuri, na anaongea kama aliyebeba kitu cha moto mdomoni. Huenda kuna usaha nyuma ya findo (tonsili).
- Anatapika damu, au haja kubwa imekuwa nyeusi kama lami.
- Kope za juu zinashuka na kufunika macho, anaona vitu viwili viwili, au mikono na miguu imeishiwa nguvu.
- Kuna uwezekano amemeza betri ndogo ya duara, sumaku, au kemikali ya kusafishia. Usimtapishe.

Onyo. Chakula au mwiba ukikwama, usimpe tonge kavu "lisukume". Tonge linaweza kukwama juu ya kile cha kwanza, na mwiba unaweza kuzama zaidi kwenye nyama ya koo.

Kama hakuna hata kimoja, endelea. Lakini kijana anayepungua uzito wiki hadi wiki, au anayepaliwa kila anapokunywa, asingoje siku 7 ziishe. Mpeleke na ulichokwisha kuandika.

## Hatua ya 2: Tenganisha ubalehe na ugonjwa

Hapa ndipo wengi wanapotezea miezi. Kijana wa kiume akibalehe, zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, linakua na nyuzi za sauti zinarefuka, sauti inashuka. Katikati ya mabadiliko hayo inavunjika: mara nzito, mara nyembamba, halafu inarudi. Sauti ya msichana nayo hushuka, ila kidogo, na mara nyingi hakuna anayegundua.

Sauti ya ubalehe inayumba lakini ina nguvu. Haina maumivu, na mlo haubadiliki. Ubalehe haumfanyi mtu apaliwe na maji.

Kwa hiyo sikiliza sauti imebadilika namna gani, uandike neno moja kati ya haya:

- Inakwaruza: nyuzi za sauti zimevimba, zimechubuka, au kuna kitu kimeota juu yake.
- Imejaa pumzi, hafifu, akipiga kelele haitoki: huenda uzi mmoja haufungi vizuri.
- Ya puani, na inazidi kufifia anavyoendelea kuongea: misuli ya koo inachoka.
- Ya majimaji mara tu baada ya kumeza: kimiminika kimebaki juu ya nyuzi za sauti.

Ukishapata neno lako, umetoka kwenye "sauti yake siku hizi si nzuri", ambayo haimsaidii daktari chochote.

## Hatua ya 3: Kaa naye mezani milo mitatu, bila kusema kitu

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Mnaona kijana anakula kila siku, lakini hammwangalii. Chagua milo mitatu, mmoja wa asubuhi na mmoja wa usiku wakiwemo. Kaa ubavuni, si mbele yake, kwa sababu kijana akijua anaangaliwa atakula tonge tatu aseme ameshiba.

Mwenye shida ya kumeza huwa amejifundisha mbinu kabla hata hajajua ana shida. Zitafute hizo mbinu:

Anakata nyama vipande vidogo kama vya mtoto. Anatafuna muda mrefu mno. Anakunywa maji baada ya kila tonge, si kwa kiu, bali kushushia. Anaacha mkate na nyama, anachagua vilaini. Anameza mara mbili au tatu tonge moja. Anainamisha kichwa au kukigeuza upande mmoja kila anapomeza. Anakwepa kula mbele za watu. Anashika taya kwa mkono, kama mpwa wangu, kwa sababu misuli ya kutafuna imechoka na taya linahitaji kushikiliwa. Tuliliona hilo kila usiku kwa miezi, tukaliita utovu wa adabu.

Kisha hesabu muda. Mlo ambao wenzake wanaumaliza kwa dakika 15 yeye anautumia dakika ngapi? Andika namba, usiandike "anachelewa".

Angalia pia kinachotokea baada ya kumeza. Anakohoa papo hapo? Maji yanarudi puani? Anakaa kimya, anaweka mkono kifuani, anasubiri? Anacheua chakula ambacho hakijasagika?

Onyo. Usimlazimishe kumeza kitu kigumu ili "uone". Unaangalia anachokula mwenyewe, basi.

Umefanikiwa ikiwa una milo mitatu, kila mmoja na muda wake, alichokula, alichoacha, na angalau tendo moja ulilokuwa hulioni zamani.

## Hatua ya 4: Muulize maswali manne tu

Muulize nje ya mlo, mkiwa wawili, labda mnatembea. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Kitu gani kinakataa? Kama vigumu vinakataa na maji yanapita, mara nyingi njia imekuwa nyembamba. Kama vigumu na maji vilianza kukataa pamoja, mashaka yanaenda kwenye namna umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, unavyosukuma chakula. Maji yakiwa ndiyo mabaya zaidi, yanampalia au kurudi puani, tatizo huwa juu, kwenye misuli na neva za koo. Jibu la swali hili moja linaweza kuamua kipimo cha kwanza.

Kinakwama lini? Kushindwa kuanza kumeza, au kukohoa mara moja, ni habari ya koo. Kupita kwanza kisha kukwama sekunde kadhaa baadaye ni habari ya umio.

Wapi? Mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja. Akionyesha kifuani, mara nyingi yupo sahihi. Akionyesha shingoni, usiamini sana: kitu kilichokwama chini kabisa ya umio kinaweza kuhisiwa shingoni.

Kimekuwa kikiongezeka, au kinakuja na kuondoka? Shida inayopanda taratibu, jana nyama, leo mkate, ni tofauti na ya ghafla. Na shida inayopoa asubuhi na kuzidi usiku ina maana yake, tutaifikia.

Kuna kijana atakayesema anahisi donge kooni muda wote, ila akila donge linapotea na chakula kinapita vizuri. Liandike hivyo hivyo. Hisia ya donge bila chakula kukwama ina njia yake ya kuchunguzwa, na mara nyingi si jambo la kutisha.

## Hatua ya 5: Rekodi sauti, asubuhi na usiku

Mpe aya moja fupi, mistari minne au mitano ya kitabu chochote cha shule. Aisome kwa sauti ya kawaida asubuhi akiamka, kisha usiku kabla ya kulala, aya ile ile, simu ikiwa umbali ule ule. Fanya hivyo siku tatu. Taja tarehe na saa mwanzoni mwa rekodi.

Baada ya kusoma, avute pumzi aseme "aaa" kwa pumzi moja mpaka iishe, mara tatu. Hesabu sekunde na uandike ndefu kuliko zote. Akishindwa kufika 10, andika na upige mstari chini yake: pumzi inaweza kuwa inavuja kati ya nyuzi za sauti.

Usiku mmoja, ahesabu kwa sauti kutoka 1 hadi 50. Halafu akae, kichwa kimetulia, aangalie dari kwa macho tu kwa dakika moja bila kushusha macho. Sauti ikianza safi na kufika 40 ikiwa ya puani na maneno yanateleza, au kope zikaanza kushuka, rekodi video, na kope zikishuka fuata Hatua ya 1. Hivyo ndivyo misuli inavyochoka kwenye miastenia, ugonjwa ambao kinga ya mwili inakatiza mawasiliano kati ya neva na misuli. Asubuhi mgonjwa anaweza kuonekana mzima kabisa, na hospitali watu huenda asubuhi.

Rekodi hizo ndizo zilizomtoa mpwa wangu kwenye mkwamo. Daktari wa nne alisikiliza ya saa moja asubuhi, kisha ya saa tatu usiku, akaweka simu mezani akauliza nani alifikiria kurekodi. Ni mama yake.

## Hatua ya 6: Shingo, kinywa, uzito

Mpe glasi ya maji, umulike shingo kwa mbele huku anameza. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na kumeza mara nyingi ni wa tezi ya shingo, yaani rovu. Kwa vidole bapa, papasa pande zote mbili na juu ya mitulinga, mifupa inayotoka chini ya shingo kwenda mabegani. Uvimbe mgumu, usiouma, usiopungua kwa wiki kadhaa, hasa juu ya mtulinga, haungoji.

Ndani ya kinywa angalia kama findo moja ni kubwa kuliko jingine, na kama kuna utando mweupe.

Uzito: siku ya kwanza na ya saba, asubuhi, nguo nyepesi. Kijana yuko kwenye umri wa kukua, hivyo hata kutoongezeka kwa miezi ni taarifa.

## Hatua ya 7: Mpe nafasi ya kusema asichosema mbele yako

Kuna mambo kijana hatamwambia mzazi, na mengi yanagusa koo moja kwa moja. Kujitapisha. Kuvuta sigara au moshi wa aina nyingine. Kumeza kidonge bila maji akiwa amelala. Vidonge vya doksisiklini, vinavyotumika pia kwa chunusi, vinaweza kuchoma umio vikiganda njiani. Kupaliwa vibaya siku moja mbele ya wenzake na tangu hapo kuogopa kumeza.

Mwambie hivi: "Sitagomba. Na ukitaka, kwa daktari nitatoka nje uongee naye peke yako." Kisha siku ikifika, utoke kweli.

Onyo. Usimalize kwa kusema "ni mawazo tu". Hofu ya kumeza ipo na ina tiba, lakini huwekwa mwisho, baada ya koo na umio kuangaliwa. Watu wenye umio usiosukuma chakula wamepotezewa miaka kwa neno hilo.

## Hatua ya 8: Andika karatasi moja

Daftari lote daktari hatalisoma. Lifupishe kwenye ukurasa mmoja, kwa mpangilio huu:

> Msichana, miaka 15. Miezi 4 anapata shida kumeza, na miezi 3 sauti imebadilika.
> Vigumu anashushia kwa maji. Maji yenyewe humrudi puani, mara 2 wiki hii.
> Mlo wa usiku dakika 50, wa asubuhi dakika 20.
> Sauti ya puani usiku, asubuhi nzuri. Rekodi zipo.
> Anashika taya anapotafuna.
> Uzito umepungua kilo 3.
> Amekunywa antibiotiki mara 3, hakuna mabadiliko.
> Hana pumu wala mzio. Dawa nyingine hana.

Mstari wa pumu na mzio usiuache, hata kama ni ukurutu wa utotoni. Kijana mwenye pumu, mzio au ukurutu ambaye vigumu vinamkwama kifuani anaweza kuwa na uvimbe wa mzio kwenye umio, na daktari atauwazia haraka akiona mambo hayo yameandikwa pamoja.

## Hatua ya 9: Namna ya kusema chumbani

Sentensi yako ya kwanza ibebe mambo yote mawili: "Daktari, hamezi vizuri na sauti imebadilika, vyote kwa pamoja." Kuna sababu. Neva moja kubwa, vagasi, inaendesha sehemu kubwa ya kumeza na pia inasogeza nyuzi za sauti. Tawi lake la kushoto linashuka mpaka kifuani, linazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, ndipo linapanda kurudi kwenye zoloto. Ndiyo maana sauti inaweza kuharibika kwa kitu kilichopo kifuani, wakati koo lenyewe halina hata doa.

Kisha uliza: "Je, nyuzi za sauti zitaangaliwa kwa kamera?" Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa 2018 unasema sauti isiyopona ndani ya wiki 4 iangaliwe hivyo, na mapema zaidi kukiwa na dalili ya jambo zito. Unasema pia antibiotiki zisitolewe kama mazoea kwa sauti iliyokauka. Tochi na kijiti cha kukandamiza ulimi havifiki kwenye nyuzi za sauti.

Ukipewa antibiotiki tena, uliza kwa heshima inatibu nini. Kama macho au misuli ya kijana inachoka, liseme hilo kabla dawa haijaandikwa: baadhi ya antibiotiki, zikiwemo azithromisini na siprofloksasini, zinaweza kuzidisha miastenia.

## Hatua ya 10: Vijue vipimo

Kosa la hatua hii ni moja, nalo ni kubwa: kuambiwa "kamera imeonyesha hana kitu" bila kujua kamera ipi.

Kamera ya puani ni waya mwembamba. Pua inapuliziwa dawa ya ganzi, kijana yu macho, inachukua dakika chache. Inaona koo na nyuzi za sauti zikisogea, inaishia hapo. Umio haiuoni.

Kamera ya tumboni inaangalia umio na tumbo. Kijana hufunga kula kwanza, mara nyingi kwa muda wa saa 6, na hupewa dawa ya usingizi. Uliza swali hili kabla: "Mtachukua vinyofu, yaani vipande vidogo vya nyama ya umio, hata kama umio utaonekana mzuri?" Uvimbe wa mzio wa umio unaweza kujificha kwenye umio unaong'aa, na hugundulika kwa kuhesabu aina fulani ya chembe za damu kwenye vinyofu chini ya hadubini. Huchukuliwa angalau 6, sehemu tofauti za umio.

Eksirei ya kumeza bariamu (kimiminika cheupe kinachoonekana kwenye picha) inaonyesha njia nyembamba, na umio uliopanuka juu ya mlango wa tumbo usiofunguka. Kipimo cha msukumo wa umio, mrija mwembamba unaopita puani, ndicho kinachothibitisha mlango huo haulegei.

Damu hupimwa kwa tezi ya shingo, na kwa miastenia hutafutwa kingamwili zake. Uzi wa sauti ukionekana haujongei na sababu haijulikani, picha ichukuliwe njia yote ya neva, kuanzia chini ya fuvu hadi kifuani. Picha ya shingo peke yake inaweza kukosa tatizo.

Umefanikiwa ikiwa unatoka hospitali ukijua sehemu gani imeonekana, ipi bado, na tarehe ya kurudi.

## Wakati mnasubiri

Ale ameketi wima, tonge dogo, bila simu na bila kucheka mdomo ukiwa umejaa. Abaki wima nusu saa baada ya kula. Chakula kilainishwe, lakini kiwe na nguvu. Supu tupu humdhoofisha. Ikiwa maji ndiyo yanayompalia, usiamue mwenyewe kuyafanya mazito: omba mtaalamu wa tiba ya usemi na umezaji, ambaye ataona unene gani unamfaa.

Kama misuli inachoka, mlo mkubwa uwe asubuhi.

Vidonge vimezwe kwa glasi nzima ya maji, ameketi. Sauti ipumzike kwa kuongea kidogo na taratibu. Kunong'ona si kuipumzisha, wengine hukaza koo zaidi. Mvuke wa sufuria ya maji yanayochemka uache, umeunguza watoto wengi.

Na mtetee mezani. Ndugu wakianza "huyu anadeka", jibu wewe, asijibu yeye.

## Matibabu yakianza

Rudia Hatua ya 3 na ya 5 kila baada ya wiki mbili: mlo ule ule, aya ile ile, saa zile zile. Dakika za mlo zinapungua? "Aaa" inarefuka? Sauti ya usiku inaanza kufanana na ya asubuhi? Kwa mpwa wangu, mlo wa usiku ulishuka kutoka dakika 50 hadi 25, na siku moja tulimwona anakula mikono yote miwili ikiwa mezani.

Namba zikisimama au kurudi nyuma, usingoje tarehe. Mrudishe na rekodi mpya, na ile ya kwanza usiifute.